Kazi bila daftari hupotea bila habari

Tageti, tathmini, alama, barua ya onyo. Karibu kila ofisi ina namna yake ya kukupima. Swali ni kama unaijua kabla hujapimwa, ama utaijulia kwenye barua ya kufutwa.

Siku yangu ya 94 kazini, supavaiza alinigusa bega nikiwa bado na hedifoni masikioni. Akaninong'oneza, "Ukimaliza hiyo simu, kuja kwa chumba kidogo."

Kila mtu kwenye hiyo floo alijua chumba kidogo ni nini. Ukiitwa huko unatoka na karatasi, ama haurudi tena kwenye dawati lako.

Nilikuwa na miaka 22. Chuo nilikuwa nimekiacha mwaka wa pili karo ilipokwama, nikapata kazi kwenye kituo cha kupokea simu pale kando ya Mombasa Road. Kituo chenyewe kilikuwa kinahudumia wateja wa kampuni tofauti tofauti. Mimi niliwekwa upande wa mikopo ya simu. Unavaa hedifoni, unataja jina lako, unasikiliza watu wakilia deni masaa manane, halafu unapanda matatu kurudi kwa keja.

Ndani ya chumba kidogo nilimkuta afisa wa wafanyakazi na karatasi moja. Juu yake: "Mpango wa kuimarisha utendakazi. Siku 30." Wenye ofisi wanaiita kwa herufi tatu tu, PIP. Ilisema wastani wa muda wangu wa simu ni dakika 7 na sekunde 10, na unaotakiwa ni dakika 4. Nisipofika hapo kwa siku 30, "hatua zaidi zitachukuliwa."

Nilisaini. Sikuuliza hata swali moja. Kichwani nilikuwa na kodi ya nyumba.

Na ukweli ni kuwa hadi siku hiyo sikuwa nakumbuka hizo dakika 4. Zilitajwa siku ya pili ya mafunzo, kwenye slaidi moja katikati ya sera ya mavazi na maelezo ya mahali pa kuegesha gari, gari ambalo hakuna hata mmoja wetu alikuwa nalo.

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo karatasi. Wengi wetu tunaingia kazini tukijua kuvaa vizuri na kufika mapema. Hakuna mtu anatuambia jinsi tunavyopimwa.

Hii kitu inafanyaje kazi?

Usimamizi wa utendakazi, kama unavyotakiwa kuwa, una hatua nne.

Ya kwanza ni makubaliano. Mwanzo wa mwaka, ama ukianza kazi, wewe na bosi mnakaa chini mnaandika unatarajiwa kufanya nini na utapimwa vipi. Hapo ndipo zinatoka hizo KPI watu wa ofisi wanazitaja kila saa, yaani viashiria vya utendakazi. Kwa muuzaji ni mauzo ya mwezi. Kwa mtu wa stoo ni bidhaa zilizopotea. Kwa msee wa kupeleka mizigo ni oda zilizofika kwa wakati. Lengo zuri linakuambia ni kitu gani, kiasi gani na lini. "Jitahidi zaidi" si lengo. Hiyo ni salamu.

Hatua ya pili ni ufuatiliaji. Bosi anatakiwa akuambie njiani kama uko sawa ama umepotea, ili ujirekebishe mapema. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana. Meneja ana shughuli, wewe unamuogopa, miezi sita inapita mkisalimiana tu kwenye lifti.

Ya tatu ni tathmini yenyewe. Ofisi nyingi hutoa alama, kwa mfano kutoka 1 hadi 5. Mara nyingi unajipa alama zako kwanza, halafu bosi anatoa zake, halafu mnazungumza. Baada ya hapo kuna kikao ambacho wafanyakazi wengi hawaambiwi kuwa kipo: mameneja wanakutana na kusawazisha alama. Kama idara moja imempa kila mtu 5, mwenzao atauliza hao malaika walitoka wapi. Bajeti ya bonasi pia ina mwisho wake. Kwa hivyo unaweza kuambiwa umepata 4, na barua ije ikisema 3. Bosi wako ndiye wakili wako kwenye hicho kikao. Kama hana mifano mikononi ya kazi uliyofanya, atakutetea na nini?

Hatua ya nne ni matokeo: nyongeza, bonasi, cheo, mafunzo, ama PIP kama yangu.

Kuna mambo mawili ya kibinadamu yanayoharibu hizi hatua hata pale bosi ana nia nzuri. Moja ni kukumbuka ya juzi tu. Ulifanya kazi kama punda Januari hadi Oktoba, ukachelewa mara tatu Novemba, na tathmini ni Desemba. Utapimwa na Novemba. La pili ni mapenzi. Mwenye kuongea vizuri kwenye mikutano anaonekana mchapakazi hata kama kazi yake inamaliziwa na wengine. Dawa ya yote mawili ni moja, na tutaifikia.

Ilitoka wapi?

Hizi mambo hazikuanza na bosi wako. Mwaka wa 1954, Peter Drucker aliandika kitabu kinachoitwa The Practice of Management, akapendekeza watu wasimamiwe kwa malengo. Wengi wanakumbuka neno "malengo" wanasahau sehemu nyingine ya hoja yake: kwamba anayefanya kazi awe na sauti katika kuyaweka. Mwaka wa 1992, Robert Kaplan na David Norton wakaja na wazo kwamba kampuni isijipime kwa pesa peke yake, iangalie pia wateja, namna kazi inavyofanyika ndani, na kama watu wake wanajifunza.

Kuna waliokuwa wakali zaidi. Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa General Electric kule Marekani, alijulikana kwa kugawa wafanyakazi: asilimia 20 ya juu wanatunzwa, 70 ya katikati wanasukumwa, 10 ya chini wanaonyeshwa mlango. Kampuni nyingi ziliiga. Microsoft walikuwa na mfumo wao wa kupanga watu kwa mstari hivyo, wakauacha mwaka wa 2013. Fikiria mwenyewe: kama lazima mtu mmoja kwenye timu yako apate alama ya mwisho, utamfundisha mwenzako kitu?

Hapa kwetu, serikali ya Mwai Kibaki ilianza kandarasi za utendakazi mwaka wa 2004, ikianzia na mashirika ya serikali, kisha zikaenea kwa wizara. Kama mzazi wako ni mwalimu wa shule ya umma, muulize kuhusu TPAD, ile tathmini ya Tume ya Huduma za Walimu. Kaa chini kabla hajaanza kujibu, kwa sababu jibu litakuwa refu.

Namba ikigeuka kuwa kazi

Turudi kwa siku zangu 30.

Kwenye kituo cha simu kuna ujanja ambao hakuna mtu anakufundisha lakini kila mtu anaujua. Mteja akiwa na shida ndefu, unamwambia mfumo uko chini, apige baada ya saa moja. Ama unamhamisha idara nyingine. Ama, Mungu anisamehe, unakata halafu unasingizia netwaki.

Niliufanya wote. Wiki ya pili wastani wangu ulikuwa dakika 3 na sekunde 52. Supavaiza aliandika jina langu kwenye ubao akachora nyota kando yake. Wenzangu wakanipigia makofi. Nilinunua smokie mbili siku hiyo nikijiona mtu ameomoka.

Kuna mwanauchumi Mwingereza, Charles Goodhart, ambaye mwaka wa 1975 alitoa wazo ambalo sasa linaitwa kwa jina lake. Watu wamelifupisha hivi: kipimo kikishafanywa kuwa lengo, kinaacha kuwa kipimo kizuri. Zile dakika 4 ziliwekwa ili mteja asipotezewe muda. Mimi nilikuwa nazifikia kwa kumpotezea mteja muda.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, ikaingia simu ya shosho mmoja. Alikuwa amekopa shilingi 3,000 za mbolea, akalipa zote, ujumbe wa malipo anao. Lakini mfumo ulikuwa bado unamdai, na watu wa kudai walikuwa wamempigia hadi mweka hazina wa chama chao. Aliongea polepole, akirudia rudia, kama mtu ambaye ameeleza kitu kimoja mara nyingi.

Nikaangalia skrini. Ilikuwa simu yake ya nne wiki hiyo. Mbili kati ya zile tatu za kwanza zilikuwa zangu. Moja ilikuwa ya dakika 1 na sekunde 40. Nyingine dakika 2 na sekunde 5.

Akaniuliza, "Mwanangu, ni nyinyi mnakata ama ni netwaki?"

Nilinyamaza kidogo. Halafu nikasema, "Ni netwaki, shosho."

Nilimdanganya. Lakini sikukata. Nilikaa naye dakika 19. Tulitafuta nambari ya muamala, nikaona alikosea tarakimu moja alipolipa na pesa zikalala kwenye akaunti isiyo yake. Nikaandikia watu wa hesabu, nikawasumbua hadi wakajibu, deni likasoma sifuri. Shosho aliniombea kwa simu, maombi ya dakika mbili nzima, na mimi nikiangalia saa ya skrini imegeuka nyekundu.

Jioni kwenye matatu nikapiga hesabu. Zile simu tatu za kwanza zilikuwa na jumla ya dakika 7 na sekunde 15, na hazikusaidia chochote. Kwenye ripoti ya kituo hizo tatu ndizo zilikuwa kazi nzuri. Ile ya dakika 19, iliyomaliza shida ya mtu, ndiyo ilikuwa utendakazi mbaya.

Siku iliyofuata nilinunua daftari la shilingi 50.

Jirani yangu wa dawati

Wiki hiyo hiyo, jamaa aliyekuwa anaketi kando yangu aliitwa chumba kidogo.

Huyu jamaa ndiye alinifundisha ule mfumo wa kompyuta nilipoanza. Alikuwa amefanya hapo miezi 14. Na kila mteja mkali akipiga, yule anayetukana, yule analia, yule anasema yuko njiani anakuja na wakili, supavaiza alikuwa anasema, "Hiyo mpe jamaa." Alikuwa na subira ya ajabu. Kwa hivyo simu zake zilikuwa ndefu kuliko za mtu yeyote.

Alikaa ndani dakika tano. Hakuwa amewahi kupewa barua ya onyo wala mpango kama wangu. Aliambiwa ni utendakazi mbaya, wastani wake uko juu, asaini hapa. Akasaini. Akatoa kikombe chake kwenye droo, akanisalimia kwa ngumi, mlinzi akamsindikiza hadi geti.

Kila mtu kwenye floo alijua kwa nini simu zake ni ndefu. Hakuna mahali palipoandikwa.

Baadaye nilianza kusoma Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007. Si kitabu cha kutisha, iko kwenye intaneti bure. Nilichokipata kilinikasirisha, kwa sababu jamaa yangu alikuwa na haki ambazo hakuwa anazijua wala mimi sikuwa nazijua.

Kifungu cha 41 kinasema mwajiri akitaka kukuachisha kazi kwa sababu ya utendakazi duni, lazima kwanza akueleze sababu hiyo kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako, ama mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, ndani ya hicho chumba, na ni wewe unamchagua. Na lazima wasikilize mnachosema kabla ya kuamua. Ningekuwa najua, ningeinuka nikaingia naye.

Kifungu cha 43 kinasema mkifika mahakamani, mwajiri ndiye anatakiwa kuthibitisha sababu ya kukufuta. Na kuhusu utendakazi, kuna hukumu ya mwaka wa 2013, kwenye kesi iliyohusu hoteli moja, ambayo mawakili wa kazi wanaitaja sana. Mahakama ilieleza kwamba haitoshi kusema tu mtu amefanya vibaya. Mwajiri aonyeshe alikuwa na namna gani ya kupima kazi, na alifanya nini kumsaidia mfanyakazi kabla ya kufikia uamuzi huo.

Kwa maneno mengine, hizo hatua nne nilizotaja juu si fasheni ya ofisi. Zinaweza kuamua kesi.

Ukionewa, unaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu ufutwe. Kesi kortini ina muda wa miaka mitatu. Korti ikikubaliana nawe, inaweza kuagiza ulipwe hadi mshahara wa miezi 12. Nilimpigia jamaa nikamwambia haya yote. Wakati huo alikuwa amerudi kwao Bungoma na ile miezi mitatu ilikuwa imepita. Korti ilikuwa bado wazi kwake. Akaniambia, "Bro, nani atanipa nauli ya kuja Nairobi kila kesi ikitajwa?" Sikuwa na jibu. Sijalipata hadi leo.

Siku ya 30

Kwenye daftari langu nilikuwa naandika vitu vitatu kwa kila mteja aliyesema amewahi kupiga: tarehe, shida, na ni simu yake ya ngapi. Majina na nambari zao sikuandika, kwa sababu hizo ni siri za wateja na zingeweza kunifutisha peke yake. Kwa zamu nane nilihesabu watu 63 waliokuwa wanarudia shida ile ile.

Siku ya 30 niliingia chumba kidogo na daftari. Mikono ilikuwa inatetemeka, sitadanganya. Wastani wangu ulikuwa umepanda tena, dakika 5 na nusu. Afisa wa wafanyakazi akaanza kusoma karatasi yake. Nikamwomba anisikilize kidogo, nikamwonyesha kurasa.

Alisoma kimya. Supavaiza naye akaangalia. Nilikuwa nangoja anipinge, kwa sababu nilikuwa nimeshamfanya adui kichwani mwangu. Badala yake akasema polepole, "Mimi pia napimwa na hizo dakika nne."

Nilikuwa sijawahi kufikiria hiyo. Timu yake ikiwa nyekundu, yeye pia ana chumba chake kidogo juu, floo ya nne. Na huko juu kuna mtu anapimwa na kampuni iliyotupa kazi. Kila mtu alikuwa amebeba namba ambayo hakuiweka yeye.

Walinipa siku 30 nyingine. Lengo langu likawa dakika 5, na kikaongezwa kipimo cha pili: wateja wangaapi wanarudi na shida ile ile ndani ya siku saba. Nilipita. Wakaanza kukitumia kipimo hicho kwa timu yetu yote.

Usifikirie hii ni hadithi ya shujaa. Mwaka ulipoisha ile kampuni ya mikopo ilipeleka kazi yake kwingine na kandarasi zetu hazikuongezwa. Na kuna kitu kingine. Siku hiyo nikiwa na daftari mkononi, nafasi ya kusema kuhusu jirani yangu wa dawati ilikuwepo. Kwamba zile simu ndefu alikuwa anapewa. Supavaiza alikuwa hapo, angelazimika kujibu. Sikusema. Niliogopa kuharibu kesi yangu. Daftari lilikuwa na habari zangu tu.

Sasa wewe ufanye nini?

Haya ndiyo ningependa mtu aniambie nikiwa na miaka 22.

Uliza wiki ya kwanza. Usingoje. "Bosi, baada ya miezi mitatu utajuaje nimefanya kazi vizuri?" Swali hilo halina madharau. Jibu likija kwa mdomo, liandike kwa baruapepe: "Asante kwa mazungumzo ya leo, nilivyoelewa malengo yangu ni haya." Ameshindwa kukataa, imekuwa makubaliano.

Soma kandarasi kabla ya kusaini. Kazi ya miezi mitatu na zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na ndani yake kuwe na maelezo ya kazi yako. Kipindi cha majaribio hakifai kuzidi miezi sita. Kinaweza kuongezwa hadi miezi sita mingine, lakini ukikubali. Kama mwaka wa pili umefika na bado unaambiwa uko kwenye majaribio, kuna mtu anakuchezea.

Weka daftari. Kila Ijumaa, dakika kumi. Nini nilifanya, nani alinishukuru, kazi gani nilipewa isiyo yangu, nini kilinizuia. Hii ndiyo dawa ya ile shida ya Novemba niliyotaja. Desemba bosi akisahau, wewe hujasahau. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi yako ndiyo mali uliyo nayo. Lakini usitoe faili za ofisi wala siri za wateja. Andika kazi yako tu.

Ukipewa kazi ya ziada ya mdomo, ifanye iandikwe. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha: "Sawa, nitachukua wateja wagumu wiki hii kama ulivyosema." Jirani yangu wa dawati angekuwa na jumbe kumi kama huo, zile dakika tano zingekuwa ngumu kidogo kwao.

Ukipewa PIP, usisaini kama mimi. Uliza: mlipima lini, na namna gani? Mtanisaidia vipi, kwa mafunzo ama kwa mtu wa kuniongoza? Tutakutana lini katikati? Kusaini kwamba umepokea si kusaini kwamba umekubali, kwa hivyo andika kando ya sahihi yako "nimepokea" na uombe nakala.

Usiingie peke yako. Ukiitwa kikao cha kukuachisha kazi, taja mwenzako unayetaka aingie nawe. Na kama ni wewe umeombwa kumsindikiza mwenzako, nenda. Najua unaogopa. Nenda tu.

Ukiondoka, ondoka na stakabadhi zako. Kama umefanya kazi angalau wiki nne mfululizo, una haki ya kupewa cheti cha huduma, hata kama mmeachana vibaya.

Na la mwisho, tusidanganyane: kuna wakati shida ni wewe. Mimi nilichelewa mara nyingi mwezi wa pili na hakuna mfumo ulionionea hapo. Tathmini nzuri inauma kidogo, kama daktari wa meno. Ukiambiwa kitu cha kweli, kibebe, kifanyie kazi, rudi baada ya mwezi uulize, "Sasa je?"

Nina lile daftari bado. Liko chini ya godoro na risiti za kodi. Siku hizi naandika, na wateja wangu wachache wananipima kwa njia zao, wengine kwa maneno, wengine kwa siku. Swali langu la kwanza kwa kila mmoja ni lile lile la wiki ya kwanza.

Jamaa wa Bungoma tunaongea. Ana duka la kurekebisha simu sasa na ameajiri kijana mmoja. Mwezi jana alinipigia akitaka ushauri. Kijana anafanya polepole, wateja wanalalamika, amfute?

Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia simu moja inafaa kuchukua muda gani.

Alinyamaza. Halafu akasema, "Ngoja nitafute kalamu."